Nakula ndani ya gari, mke wangu anadhani nina mwanamke mwingine

Shikamoo Shangazi,

Naomba usitafute kunijua, maana hata jina sitaliweka. Nina miaka 43, nina mke na watoto wawili, binti wa miaka 12 na mvulana wa miaka 7. Kazi yangu ni uhasibu. Barua hii nimeianza mara nne na mara zote nimeifuta, kwa sababu kila nikiisoma naona ni aibu ya kitoto, haifai kutoka kwa mtu mwenye familia. Leo nimeamua kuituma bila kuirudia.

Tatizo langu ni kula.

Asubuhi natoka nyumbani na kikombe cha kahawa isiyo na sukari. Mchana wenzangu wakienda kula mimi nabaki mezani, nawaambia kazi zimenibana. Ukweli ni kwamba najiadhibu kwa yale ya jana yake. Kutwa nzima najiona nimeshinda. Ikifika saa 11 jioni nikitoka kazini, mikono inageuza usukani yenyewe kuelekea duka la mikate. Nanunua mkate mzima, pakiti mbili au tatu za biskuti na soda kubwa. Naendesha hadi mtaa wa pili kutoka kwetu, naegesha, nazima simu, nakula. Shangazi, ile si kula, ni kumeza. Mkate ule sijui hata una ladha gani. Baada ya kama dakika 20 vyote vimekwisha, tumbo linauma, jasho linanitoka. Nakusanya makaratasi, natafuta pipa la taka, natafuna pipi kali kuondoa harufu, naingia nyumbani. Halafu nakaa mezani na kula tena, kwa sababu mke wangu amepika na sina la kumwambia.

Imeanza miezi 18 iliyopita. Baba aliugua muda mrefu, akafariki. Mimi ndiye mtoto wa kwanza. Deni la hospitali likaniangukia mimi. Wadogo zangu wananipigia kila siku kuhusu nyumba aliyoiacha, na kila mmoja anataka niwe upande wake. Kazini nako watu wawili wa idara yetu walipunguzwa, kazi zao nikaachiwa mimi. Napata usingizi wa muda wa saa 4 au 5 tu kwa usiku, muda uliobaki namalizia hesabu za ofisi sebuleni. Mara ya kwanza kuegesha pale ilikuwa siku niliyorudi kutoka maziko. Nyumbani watu walikuwa wamejaa, wote wananisubiri. Nikaona nipumzike kidogo kabla ya kuingia. Kiti cha nyuma kulikuwa na mfuko wa mikate ya wageni. Sikuingia nao.

Tangu hapo ni mara nne, wakati mwingine tano kwa wiki. Nilikuwa na kilo 84, sasa nina 101. Daktari alinipima damu akasema sukari imefika mpakani, bado haijawa kisukari lakini niko karibu, nipunguze kula. Nikaitikia, "Sawa, daktari." Jioni ile ile niliegesha gari.

Jambo moja linanishangaza. Mwaka huu nilichukua likizo ya wiki mbili tukakaa na watoto, na sikufanya hivyo hata mara moja. Nikadhani nimepona. Siku niliyorudi kazini nikaanza upya.

Sasa yametokea mawili. Wiki tatu zilizopita binti yangu aliokota karatasi za biskuti chini ya kiti cha gari akaniuliza, "Baba, kwani nyumbani hushibi?" Hakuuliza kwa ubaya. Halafu mke wangu. Ameona kwamba kila jioni kuna nusu saa ambayo simu yangu haipatikani, na kuna fedha zinatoka ambazo siwezi kuzieleza, mimi mhasibu. Juzi usiku aliniuliza, bila kupaza sauti, kama nina mwanamke mwingine. Nilikaa kimya. Shangazi, hili sijamwambia mtu: nilikaribia kusema ndiyo. Niliona aibu ya kuwa na mwanamke nje ni ndogo kuliko aibu ya mwanaume mzima anayejificha kula biskuti. Mwishowe nikasema hapana. Akageukia ukutani. Tangu usiku ule tunaongea habari za watoto tu.

Mwenzangu mmoja kazini amepungua sana kwa mpango wa kula mlo mmoja kwa siku, kwa siku 40. Nimepanga kuanza Jumatatu. Hesabu yangu ni kwamba nikipungua, tabia nayo itaisha, na hapatakuwa na haja ya kumwambia mke wangu lolote. Lakini usiku nikimsikia anavyojigeuza kitandani, siku 40 naziona nyingi. Nimwambie sasa, au nijirekebishe kwanza? Na nijibu bila kunionea huruma: mimi ni mlafi tu?

Ni mimi,
Wa ndani ya gari


SHANGAZI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu.

Ahsante kwa kuituma kabla hujaifuta mara ya tano. Nitaanza na neno ulilomalizia nalo, kwa sababu tukiliacha hapo, kila nitakachosema utakigeuza kuwa fimbo ya kujichapia.

Mlafi ni mtu anayekipenda chakula kupita kiasi. Anakifurahia, anakisifia, anakitazama kwenye sahani ya mwenzake. Wewe umeniambia kwamba mkate unaoula mara nne kwa wiki, mwaka na nusu sasa, hujui una ladha gani. Umeniambia unameza, simu imezimwa, kisha tumbo linauma na jasho linatoka. Katika maelezo hayo simwoni mlafi. Namwona mtu aliyeishiwa nguvu anayetafuta kitu fulani, na chakula ndicho kilichokuwa kiti cha nyuma siku ile alipokitafuta. Ni kitu gani, siwezi kukwambia nikiwa huku. Lakini barua yako imedondosha dalili mbili tatu, na ningependa uzitazame pamoja nami.

Tazama kwanza ile likizo. Wiki mbili nzima, na chakula kilikuwepo, kwa vyovyote kilikuwa kingi kuliko siku za kazi. Kama ugonjwa ungekuwa ni chakula, ungekufuata huko. Ulipokuwa na watoto, nini hakikuwepo? Hesabu za usiku? Simu za wadogo zako? Au labda kulikuwa na kitu ambacho siku za kawaida hukipati, kama usingizi, au mlo wa mchana ulioliwa umekaa na watu? Chukua karatasi, andika siku moja ya likizo kuanzia kuamka hadi kulala, kisha andika Jumanne moja ya kazi pembeni yake. Wewe ni mhasibu, mwanangu, kulinganisha safu mbili ndiyo kazi yako. Sitashangaa ukiona jambo ambalo mimi siwezi kuliona.

Halafu tazama ile siku ya maziko. Nyumbani watu wamejaa, wote wanakusubiri wewe, mtoto wa kwanza, mwenye majibu. Ukaegesha gari upumzike. Nusu saa ile ikawa ndiyo pekee katika siku yako ambayo hakuna mtu anayekudai kitu. Simu imezimwa, mlango umefungwa. Mimi naona ulianza kwa kuhitaji nusu saa, mkate ukaja baadaye. Naweza kuwa nimekosea. Ila nimeona pia kwamba kifo cha baba yako umekiandika kwa neno moja, "akafariki," na sentensi inayofuata tayari uko kwenye nafasi yako ya mtoto wa kwanza, kisha kwenye deni la hospitali. Nilitafuta mahali unaposema ulimlilia. Huenda ulimlilia na hukuona sababu ya kuniandikia. Huenda nafasi haikupatikana, kwa sababu kila mtu alikuwa analia begani kwako. Sikulazimishi unijibu hilo. Jijibu mwenyewe.

Sasa twende kwenye mwili, maana umekuwa ukiulaumu bila kuusikiliza. Mtu akishtuka ghafla, mwili humwaga homoni ya adrenalini na hamu ya chakula hukatika, ndiyo maana wengine wakipata habari mbaya hawawezi hata kumeza maji. Lakini msongo wa mawazo ukikaa wiki hadi miezi, homoni nyingine, kotisoli, hubaki juu, na hiyo huchochea njaa, hasa ya vitu vitamu na vyenye mafuta. Na vitu hivyo hutuliza kweli kwa muda mfupi. Hukuwa unajidanganya pale garini, ulikuwa unapata nafuu ya dakika chache. Ubaya ni bei yake: tumbo, jasho, aibu, halafu kulala na siri.

Usingizi nao umo humo. Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichukua vijana wanaume 12 wenye afya, wakawalaza saa 4 tu kwa usiku kwa siku mbili. Leptini, homoni inayouambia ubongo kwamba tumeshiba, ilishuka kwa asilimia 18. Ghrelini, ile inayoita njaa, ikapanda kwa asilimia 28, na vijana wale wakatamani zaidi vitu vitamu na vya wanga. Hiyo ni siku mbili tu, na hawakuwa na msiba wala deni. Wewe una miezi 18. Kila jioni unakwenda kupigana na duka la mikate ukiwa umeshanyang'anywa silaha.

Hapa ndipo nakuomba tukae kidogo, kwa sababu naiona Jumatatu yako inakuja.

Unataka kuanza mpango wa mlo mmoja kwa siku. Lakini mwanangu, huo mpango umeshaufanya mwaka na nusu. Kahawa asubuhi, mchana hakuna, jioni mlango unafunguka kwa kishindo. Ile kutwa unayoiita ushindi, mimi naiogopa kuliko biskuti zako. Kuna jaribio lililofanyika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, kuanzia mwaka 1944, likiongozwa na Ancel Keys. Vijana wanaume 36 wenye afya ya mwili na akili, waliokataa kwenda vitani kwa sababu ya imani na dhamiri zao, walijitolea kula kwa kupunguziwa kwa miezi sita ili dunia ijue namna ya kuwarudisha watu waliokumbwa na njaa ya vita. Walipungua karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichonigusa mimi ni kilichotokea vichwani mwao. Watu ambao hawakuwahi kujali mapishi walianza kukusanya vitabu vya mapishi. Waliota chakula, walilamba sahani, walikasirika kwa jambo dogo. Na waliporuhusiwa kula tena, baadhi yao walikula hadi tumbo likawa haliwezi kupokea zaidi, na bado wakasema hawajashiba. Hakuna aliyewaita walafi. Walikuwa vijana waliotii, wenye nidhamu pengine kuliko mimi na wewe, na njaa iliwafanya hivyo.

Sisemi mwenzako kazini anakudanganya. Amepungua, na labda kwake limekuwa jambo jema. Lakini yeye hakuanza akiwa ndani ya gari lililozimwa taa. Hofu yangu ni kwamba siku ya 6 au ya 15 utaegesha, na safari hiyo utakuwa umevunja si siku moja tu bali ahadi nzima, na mtu aliyevunja ahadi nzima hula kama mtu asiye na cha kupoteza tena. Kama bado unautaka mpango huo, angalau usiuanze kabla ya kumwambia daktari jinsi unavyokula kwa kweli, hasa kama amekuandikia dawa yoyote, maana dawa nyingine za sukari na kukaa na njaa haviendi pamoja.

Na kuhusu hiyo sukari ya mpakani, nina habari ambayo huenda hukuambiwa ulipoitikia "sawa." Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2002, wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa mpakani kama wewe, ulionyesha kwamba waliowekewa lengo la kupunguza asilimia 7 ya uzito wao na kufanya mazoezi kama kutembea dakika 150 kwa wiki walipunguza hatari ya kuingia kwenye kisukari kwa asilimia 58, ukiwalinganisha na walioachwa bila msaada huo. Piga hesabu: asilimia 7 ya kilo 101 ni kilo 7 na kidogo. Huhitaji kurudisha 17 zote, tena ndani ya siku 40. Una muda kuliko unavyojipa.

Wataalamu wanaotibu hali hii kwa mazungumzo mara nyingi huanza na jambo linalowashangaza wagonjwa wao: wanamrudishia mtu milo yake, asubuhi, mchana na jioni, na kitu kidogo katikati, kabla hata ya kugusa habari za uzito. Kwako hiyo ingeweza kuwa mlo wa mchana wa kweli, pamoja na wenzako, na kitu kidogo saa 10 kabla hujatoka. Ina hatari yake, nisikufiche. Wiki za mwanzo unaweza kujikuta umekula mchana na bado ukaegesha jioni, na mizani ikapanda kidogo, na hapo moyo utakuambia uache. Wengi huacha hapo hapo. Kama utajaribu, jipe wiki kadhaa kabla ya kuhukumu, na hiyo mizani uiweke uvunguni.

Kuegesha gari sikwambii uache. Unaweza kuendelea kuegesha. Nusu saa yako ni halali yako, mwanangu, mtu anayebeba yote hayo anastahili nusu saa. Swali ni kama inaweza kuwepo bila mkate, au kwa kuanzia, ikatangulia mkate. Egesha kabla ya kufika dukani. Kaa dakika 10. Ile hamu huja kama wimbi, inapanda unahisi itakuzamisha, kisha hushuka yenyewe hata usipoilisha, ingawa ukiwa juu yake huamini hilo. Katika dakika hizo jiulize ni njaa ya tumboni au ni nini. Kama ni njaa, nenda ukale. Kama ni deni, kama ni mdogo wako aliyekupigia saa 8, kama ni baba, utakuwa umelijua jina lake, na hilo peke yake ni tofauti na jana. Siku nyingine utakwenda kununua baada ya dakika 10 zile zile. Sawa. Kula nje ya gari basi, mchana kweupe, polepole, maana tumbo huchukua kama dakika 20 kuufikishia ubongo habari za kushiba, na hizo ndizo dakika zako zote pale garini. Unamaliza kabla ujumbe haujafika.

Na kesho yake usijinyime mchana. Nasisitiza hili kwa sababu ndipo gurudumu lako linapoanzia kuzunguka. Mwaka 2007 watafiti Claire Adams na Mark Leary waliwapa wanafunzi wanawake donati wale, kisha baadhi yao wakaambiwa maneno machache ya upole, kwamba kila mtu hula vitu kama hivi wakati mwingine, wasijilaumu. Baadaye wote wakapewa peremende waonje watakavyo. Kwa wale waliozoea kujibana katika kula, walioambiwa maneno ya upole walikula kidogo kuliko ambao hawakuambiwa kitu. Uliniomba nikujibu bila huruma. Unaona kwa nini siwezi? Ukali umejaribu miezi 18.

Kuna jambo nataka ulisikie kwa utulivu. Unachoeleza, kula kingi kwa muda mfupi, kwa haraka, hadi kuumia, peke yako kwa sababu ya aibu, na kujichukia baadaye, mambo hayo yamekaa karibu neno kwa neno katika mwongozo ambao madaktari wa akili wa Marekani waliuchapisha mwaka 2013, walipoitambua hali hii rasmi kama tatizo la afya linalosimama peke yake. Kipimo chao ni angalau mara moja kwa wiki kwa miezi mitatu. Sisemi unayo, hilo si langu kulisema kwa barua. Nasema lina jina, kwa Kiingereza binge eating disorder, lina tiba inayofanya kazi, na wanaume wanaolipata ni wengi kuliko wanavyosema, kwa sababu kila mmoja anadhani yuko peke yake ndani ya gari lake. Mwanasaikolojia au mnasihi aliyesomea matatizo ya kula ndiye angeweza kukaa nawe juu ya hilo. Daktari wako pia anaweza kukuelekeza, ila safari hii usimwitikie "sawa." Mpe hiyo barua uliyonitumia asome, kama kusema kunakushinda. Na kama siku moja ukaona unaanza kujitapisha baada ya kula, au kumeza dawa ili uharishe, usisubiri miadi, nenda upesi.

Sasa mke wako.

Umeweka aibu mbili kwenye mizani ukaona ya biskuti ndiyo nzito. Naelewa ilivyokujia. Lakini mizani hiyo ilikuwa imepima upande wako tu. Upande wa mke wako, biskuti ni mume anayeumia. Mwanamke mwingine ni maisha yake yote kubomoka. Usiku ule aligeukia ukutani na habari ambayo si ya kweli, na analala nayo kila siku unayoongeza. Unaposema siku 40, wewe unahesabu kilo. Sijui yeye anahesabu nini.

Hata hivyo sitakuambia "mwambie leo" kana kwamba ni jambo jepesi, kwa sababu simjui mke wako na wewe unamjua. Kuna hatari za kumwambia. Anaweza asiamini mara ya kwanza, akaona ni kisingizio, tena cha ajabu. Anaweza kuumia kwa njia nyingine: amepika miezi 18, na wewe ulikuwa unafika umeshashiba. Na wake wenye upendo wana tabia ya kugeuka walinzi, wakahesabu biskuti kabatini na kukutazama kila tonge. Hilo la mwisho lingekuumiza, kwa sababu tayari una mlinzi mkali ndani yako na hajakusaidia. Ukiamua kumwambia, mwambie pia unachotaka kutoka kwake na usichokitaka. "Sitaki unichunge, nataka tu ujue nilipo jioni" ni maneno mafupi, na huenda yakamtosha.

Kusubiri nako kuna faida yake, siwezi kukana. Ungeweza kwenda kwake ukiwa na hatua mkononi, umeshaonana na mtaalamu, unajua unaita nini hali yako. Wengine hujisikia salama zaidi hivyo. Wengine humwomba mtaalamu awe nao chumbani wanaposema. Wengine huandika barua na kuiacha mezani, na wewe kuandika unakuweza, nimeona. Hata katikati ya hayo ipo njia: unaweza kumwambia nusu ya kweli iliyo kweli kabisa, kwamba hakuna mwanamke, kwamba kuna jambo linalohusu afya yako na msiba wa baba ambalo bado unalitafutia maneno, na kwamba utamwambia. Inaweza kumpunguzia mzigo. Inaweza pia kumtia wasiwasi zaidi, akaanza kuwaza ugonjwa mkubwa. Wewe utapima, wewe unayeijua sauti yake. Wazee walisema mficha uchi hazai, na nimeona ukweli wake mara nyingi, lakini nimeona pia kwamba mtu huvua kwa wakati wake, si kwa kuvuliwa.

Wadogo zako na ile nyumba sitaingia sana. Nauliza tu ni nani aliyesema lazima simu zote zije kwako. Kama hakuna aliyesema, huenda yupo mzee wa ukoo au mwanasheria anayeweza kukaa katikati, wewe ukarudi kuwa kaka yao.

Hukuniandikia ulimjibu nini binti yako. Natumaini hukumgombeza, na hata kama ulimgombeza, mlango haujafungwa. Ana miaka 12, umri ambao watoto wanaanza kujifunza kwetu namna ya kuutazama mwili wao na namna ya kula wakiwa na huzuni. Alikuuliza kama nyumbani hushibi. Unaweza kumwambia kwamba chakula cha nyumbani kinakushibisha, ila umekuwa na huzuni tangu babu yake afariki, na ulikuwa unaila huzuni ile ndani ya gari. Nadhani ataelewa. Yeye naye alimpoteza babu, na sijui kama kuna mtu aliyekaa naye kuongea habari hiyo.

Niandikie tena, hata kama Jumatatu itakuwa imepita vibaya.

Shangazi